Kupunguza mafuta na kurudisha ujana wa ngozi Nairobi: mambo ya kukagua kabla hujalipa arbuni

Matangazo ya kuyeyusha kitambi na kufuta makunyanzi yamejaa kwenye simu zetu, na mengi huishia pale pale: tuma arbuni leo, nafasi zimebaki tatu. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kwanza ujue una nini, kisha uchague njia, kisha umkague mtu, mahali na dawa. Kulipa kunakuja mwisho, kwa sababu aliyekwisha kulipa huanza kutafuta sababu za kujiridhisha badala ya kuuliza maswali.

Jua kwanza ni mafuta gani

Lala chali, kaza tumbo kama mtu anayetaka kuinuka, halafu finya chini ya kitovu. Kinachoingia kati ya vidole ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo ndiyo pekee ambayo mrija, baridi au sindano vinaweza kuyafikia. Ikiwa tumbo limejitokeza na ni gumu, lakini kinachofinyika ni kidogo, basi mafuta yako yako ndani, yamezunguka utumbo na ini. Hayo hakuna kliniki ya urembo itakayoyatoa. Yanapungua kwa chakula, mwendo, usingizi na wakati mwingine dawa, na yanadai upime sukari na presha kabla ya kujitazama kwenye kioo. Chukua tepu ya fundi cherehani: kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume kimeingia pale ambapo hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo imepanda sana.

Kwa waliozaa kuna kipimo kingine. Ukiwa umelala chali, inua kichwa tu na uguse mstari wa katikati ya tumbo. Vidole viwili au zaidi vikizama, misuli imeachana, na kunyonya mafuta hakutairudisha pamoja. Hapo unahitaji mazoezi ya mtaalamu wa fiziotherapia, au upasuaji wa kukaza tumbo. Usiamue lolote kabla ya miezi sita kupita tangu kujifungua, na uwe umemaliza kunyonyesha.

Ngozi iliyolegea pia ina hesabu yake. Ukitoa mafuta chini ya ngozi isiyo na mnyumbuko, unabaki na mfuko mtupu. Na kama shida yako ni kilo 25 za ziada, taratibu hizi si zako kwa sasa: zote zinalenga nyama uzembe iliyokaa mahali fulani kwa mtu ambaye uzito wake hauko mbali na unaomfaa.

Kunyonya mafuta kwa mrija

Hapa ndipo panapohitaji maswali mengi kuliko popote. Daktari hujaza eneo maji ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi ya lidokeini pamoja na adrenalini, mishipa inabana, damu inapungua, kisha mafuta yananyonywa kwa mrija mwembamba. Mbinu hii ilianzishwa miaka ya 1980 na daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, na imefanya kazi hii kuwa salama zaidi kuliko zamani. Lakini ina mtego wake, nao ni ganzi yenyewe.

Kiwango cha tahadhari ni miligramu 35 za lidokeini kwa kila kilo ya mwili. Mabingwa waliobobea katika mbinu hii hufika 55 na hawavuki hapo. Mtu wa kilo 60 basi anaweza kupewa miligramu 2,100, au 3,300 kwa ukomo wa juu. Lita moja ya mchanganyiko huwa na miligramu 500 hadi 1,000. Piga hesabu: lita nne za mchanganyiko mkali zimekwisha kuvuka mipaka yote miwili. Uliza waziwazi: "Daktari, nitapewa miligramu ngapi kwa kilo, na lita ngapi?" Anayejua kazi yake atakujibu bila kufikiri mara mbili. Anayesema "usijali, tumefanya wengi" hajajibu.

Ganzi hiyo hupanda polepole kwenye damu na kufika kilele baada ya kama saa 12, yaani wakati umesharudi nyumbani Umoja au Kitengela na umelala. Ulimi ukifa ganzi, masikio yakivuma, ladha ya chuma ikija mdomoni, kizunguzungu au misuli kurukaruka, hiyo ni sumu ya ganzi na safari ya hospitali inaanza dakika hiyo. Kwa sababu hiyo lazima alale nawe mtu mzima anayezijua dalili hizi. Kliniki nayo inapaswa kuwa na mafuta maalumu ya kutia mshipani, ya asilimia 20, ambayo ndiyo tiba ya sumu hiyo. Omba uoneshwe, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi.

Jumla ya kinachonyonywa, mafuta na maji pamoja, ikizidi lita 5, hiyo ni kazi ya hospitali yenye kitanda cha kulala na wauguzi wa usiku. Ahadi ya lita nane na kurudi nyumbani jioni ni ya kukimbia. Hatari nyingine kubwa ni damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni, mafuta kuingia kwenye mishipa, na mrija kutoboa utumbo, hasa kwa mwenye ngiri ambayo haikugunduliwa. Utavaa vazi la kubana wiki nne hadi sita, utatembea chumbani siku hiyo hiyo ili damu isilale, na umbo la mwisho halionekani kabla ya miezi mitatu. Anayepiga picha ya "baada" siku ya kumi anapiga picha ya uvimbe.

Kuhamishia mafuta kwenye makalio ni jambo tofauti, nasi tunalitenga makusudi. Mafuta yakipenya hadi ndani ya msuli wa kalio yanaweza kuingia kwenye vena kubwa na kufika moyoni na mapafuni papo hapo. Mwaka 2017 kikosi cha madaktari wa upasuaji wa urembo kilikadiria kifo kimoja kwa kila taratibu 3,000, idadi kubwa mno kwa jambo la hiari. Tangu hapo kanuni ni moja: mafuta yatiwe chini ya ngozi tu, juu ya msuli, na ni bora sindano ionekane kwa ultrasaundi wakati wote. Ukumbi wa upasuaji usio na ultrasaundi, usiingie kwa kazi hii.

Baridi, sindano za kidevu na sindano za njaa

Mashine za kugandisha mafuta hazihitaji kisu. Kifaa hufyonza mkunjo wa ngozi na kuupoza kwa dakika 35 hadi 60. Seli za mafuta hufa polepole na mwili huziondoa ndani ya miezi miwili hadi minne. Tarajia tabaka la eneo lile kupungua kwa karibu robo. Wewe utaona, mwenzako huenda asione. Wenye magonjwa ya damu yanayochochewa na baridi wasiguse kabisa, na mwenye ngiri asifanyiwe eneo hilo. Mashine za kuiga, zisizodhibiti joto vizuri, huunguza ngozi kwa baridi, na ngozi nyeusi iliyoungua hubaki na doa kwa miezi. Kuna pia tukio nadra ambalo mafuta huongezeka na kuwa magumu badala ya kupungua. Mwanamitindo Linda Evangelista alilitangaza hadharani mwaka 2021. Hilo haliondoki lenyewe, huishia kwenye upasuaji.

Kwa kidevu cha pili ipo sindano ya asidi ya deoksikoliki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa eneo hilo tu. Dozi yake ni mililita 0.2 kila nukta, nukta zikiachana sentimita moja, si zaidi ya mililita 10 kwa kikao, na vikao viachane mwezi mzima. Uvimbe wa wiki moja au mbili ni kawaida. Tabasamu kwenda upande ni dalili kwamba neva ya taya imeguswa. Kwa kawaida hurudi, lakini si kesho. Vichupa vingine vinavyouzwa mtandaoni kama "kiyeyusha mafuta", vya kudunga tumbo, mikono na mapaja, vingi havina idhini, na yaliyomo hayajulikani. Matokeo yake ni majipu, makovu na ngozi kufa.

Semaglutidi, ile sindano ya kupunguza njaa, ni dawa halisi ya kisukari na unene, lakini ni dawa ya daktari. Huanza kwa miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, hupandishwa taratibu, na huhifadhiwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa nchi kadhaa. Kalamu ya sindano iliyokuja na bodaboda bila ubaridi, bila risiti ya duka la dawa lililosajiliwa, irudishe ilikotoka. Anayefikiria kupata mimba aiache miezi miwili kabla. Na ukienda kulazwa usingizi, mwambie mtoa usingizi unaitumia, kwa sababu tumbo halitoki chakula haraka na unaweza kupaliwa ukiwa umelala.

Ngozi: anza na kitu cha bei nafuu

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na karibu kabisa na ikweta. Baridi ya Julai hudanganya: jua la mchana wa mbingu safi hapa linavuka 10 kwenye kipimo cha miale, na madirisha ya matatu hayazuii miale inayozeesha. Krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, ndiyo tiba ya kuzuia uzee iliyothibitishwa kuliko zote. Kiasi: mistari miwili mirefu juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, kila asubuhi, na tena kila saa mbili ukiwa nje. Watu wengi hupaka robo ya hicho kisha wanalalamika haifanyi kazi. Kwa ngozi nyeusi yenye madoa chagua yenye rangi ya ngozi na oksidi za chuma, kwani mwanga unaoonekana nao huchochea madoa, na hii haiachi ukungu mweupe usoni.

Hatua ya pili ni tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, ya asilimia 0.025 usiku, kwa maagizo ya daktari. Chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima uliokauka: usiku mbili kwa wiki wiki mbili za kwanza, kisha usiku mmoja ndiyo mwingine hapana. Kubanduka kidogo ni kawaida; kuchoma ni kosa la kukimbilia. Mjamzito au anayetafuta ujauzito asiguse. Matokeo ni baada ya miezi mitatu hadi sita. Ukivumilia haya mawili kwa nusu mwaka, mambo mengi yaliyokupeleka kliniki yatakuwa yamepungua kwa gharama ndogo.

Hatuwezi kusema habari za ngozi Nairobi bila krimu za kujichubua. Haidrokwinoni na zebaki ni marufuku katika vipodozi nchini, lakini pita maduka ya River Road uone. Haidrokwinoni ya muda mrefu hugeuza mashavu kuwa na madoa ya bluu-kijivu yasiyotoka kirahisi; zebaki huharibu figo; klobetasoli, ambayo ni dawa kali ya steroidi, hupunguza unene wa ngozi, huleta michirizi na chunusi, na ukiiacha ghafla uso unawaka moto. Soma lebo: maneno mercury, calomel, hydroquinone au clobetasol yakionekana, au bidhaa isiwe na orodha ya viambato kabisa, iache. Kibali cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kukithibitisha kwa kutuma neno SM# na nambari ya kibali kwenda 20023. Kama umeshazitumia kwa miaka, mwambie daktari wa ngozi kabla ya leza au kemikali yoyote, kwani ngozi yako sasa ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Sindano za kung'arisha za glutathioni tunaziweka kapu hilo hilo.

Sindano za uso

Sumu ya botulinamu hulegeza misuli inayokunja uso. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, dozi ya Botox ni yuniti 20 katika nukta tano. Dysport hutumia yuniti 50 kwa kazi ileile, kwa hiyo ukiambiwa "yuniti" uliza za chapa gani. Huanza siku ya tatu au nne, hukamilika wiki ya pili, na huisha miezi mitatu hadi minne. Ujanja wa kawaida ni kuongeza maji kichupani, hivyo unalipa yuniti 20 na kupata chini ya hizo. Omba kichupa kifunguliwe mbele yako, soma jina na tarehe, na ulipe kwa yuniti, usilipe "kwa uso mzima". Jicho kulegea likitokea hurudi baada ya wiki kadhaa. Wajawazito na wenye ugonjwa wa kulegea misuli wasifanyiwe.

Filla ni jeli ya asidi ya hayaluroniki ya kujaza mashimo. Hii ndiyo inayotutia hofu zaidi inapotolewa saluni au sebuleni mwa mtu, kwa sababu ikiziba ateri, ngozi inaweza kufa, na ikienda upande wa jicho mtu anaweza kupofuka. Pua na katikati ya nyusi ndizo sehemu hatari zaidi. Kwenye ngozi nyeupe eneo hugeuka jeupe. Kwenye ngozi yetu weupe huo hufichika. Tazama mabaka ya kijivu au zambarau yaliyokaa kama wavu, maumivu yasiyolingana na sindano, na ubaridi. Bonyeza kwa kidole, achia. Damu isiporudi ndani ya sekunde tatu, rudi kwa aliyekudunga sasa hivi. Tiba ni haiyaluronidasi, kimeng'enya kinachoyeyusha jeli, na lazima kiwe chumbani kabla ya sindano ya kwanza. Macho yakififia, kuna kama saa moja tu ya kuokoa. Silikoni ya maji haiyeyuki kwa chochote, usikubali.

Kemikali, leza na sindano ndogo

Ngozi nyeusi huacha doa kila inapochokozwa. Kwa hiyo kanuni ni polepole: asidi ya salisiliki ya asilimia 20 hadi 30, au glaikoliki nyepesi, kila wiki mbili hadi nne, na kuachia ngozi ipone katikati. Kemikali za kina zinazoahidi uso mpya kwa wiki moja si zetu. Acha tretinoini siku tano hadi saba kabla.

Leza iwe Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo hupita rangi ya ngozi bila kuichoma sana. Mashine za mwanga mkali wa IPL ziepuke ukiwa na ngozi nyeusi. Dai jaribio la eneo dogo karibu na taya, usubiri wiki nne. Kama wewe au ndugu zako mna makovu yanayofura, sema mapema, hasa eneo likiwa kifua, mabega au taya.

Sindano ndogo za kusisimua ngozi, za milimita 0.5 hadi 1.5, ni njia nzuri kwa makovu ya chunusi, mradi ncha ni mpya na imefunguliwa mbele yako. Spa moja isiyo na leseni huko New Mexico, Marekani, ilihusishwa na wateja walioambukizwa virusi vya Ukimwi kupitia utaratibu huu wenye damu yao wenyewe. Ukaguzi ulianza 2018. Kifurushi kilichokwisha kufunguliwa, hata kama anakuapia, kinatupwa.

Kumkagua mtu na mahali

Andika majina yote ya daktari na uyatafute kwenye rejista ya umma ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Leseni ni ya mwaka, kwa hiyo ya mwaka jana haitoshi. Tazama ubingwa ulioandikwa pale: upasuaji wa plastiki kwa mrija na kisu, ngozi kwa leza na kemikali. "Mtaalamu wa urembo aliyesomea Dubai" si ubingwa. Kisha tafuta kliniki yenyewe, kwani nayo husajiliwa na hupewa kiwango. Kliniki ndogo hairuhusiwi kazi ya ukumbi wa upasuaji. Dawa na vifaa viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Halafu nenda uone kwa macho, ana kwa ana. Ofisi nzuri ya Kilimani yenye maua haikuoneshi chumba cha upasuaji. Uliza nani atakulaza usingizi, maana daktari anayenyonya mafuta hawezi kuwa yeye yule anayetazama pumzi yako. Uliza oksijeni iko wapi, kipimo cha oksijeni cha kidole, mashine ya kushtua moyo. Uliza wana makubaliano na hospitali gani yenye ICU, na gari la wagonjwa hufika baada ya dakika ngapi siku ya Ijumaa jioni barabara ya Ngong ikiwa imefungana. Jibu la mwisho hilo huonesha kama waliwahi kufikiria.

Mpe daktari historia kamili: dawa za mitishamba, vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, sigara, selimundu, kisukari, HIV, chunusi zilizotibiwa kwa isotretinoini, na safari ndefu ya ndege inayokuja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sigara iachwe wiki nne kabla. Usiache dawa yoyote mwenyewe. Yeye ndiye atakayesema ipi na lini.

Pesa, idhini na picha

Dai bei iliyoandikwa, ikitenganisha ushauri, ukumbi, mtoa usingizi, vazi la kubana, ziara za marejeo na gharama za kurekebisha. Lipa kwa nambari ya kampuni, si ya mtu, na uchukue risiti. Siku ya ushauri isiwe siku ya upasuaji. Fomu ya idhini uende nayo nyumbani uisome usiku. Angalia kifungu cha picha: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kukataa picha zako zisitumike kwenye matangazo, na kukataa kusibadili bei.

Ukirudi nyumbani

Simu ya daktari iwe wazi usiku. Kifua kubana au pumzi fupi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa baada ya siku ya pili, tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, ngozi inayogeuka rangi, usaha au harufu: yoyote kati ya hayo ni hospitali yenye idara ya dharura, si ujumbe wa WhatsApp. Beba fomu na jina la dawa ulizotiwa, pamoja na nambari ya bechi. Omba kibandiko cha kichupa wakati ule ule wa sindano, kwani baadaye hakipatikani. Ukiona umetendewa vibaya, omba nakala ya faili lako kwanza, kisha uandike malalamiko kwa KMPDC ukiambatanisha risiti, picha zenye tarehe na majina ya waliokuwamo chumbani.